Fao la kukosa ajira limekwama? Anzia kwenye dalili

Kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza kikipunguza zamu, habari hufika soko la samaki la Mwaloni Kirumba kabla wahusika hawajapanda daladala. Kinachochelewa ni hela. Mtu ana barua ya kuachishwa, ana kadi ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, amesikia kwamba lipo fao la kukosa ajira. Anafika dirishani anaambiwa alete karatasi fulani. Akiileta, anaambiwa mfumo haumsomi. Mwisho wake anavuka kurudi Ukerewe au Sengerema kwa ndugu, na dai linabaki linaning'inia.

Wengi wanaokwama wana haki yao kamili. Kilichowakwamisha kilitokea kabla hawajaijua hata njia ya kwenda NSSF: maneno yaliyoandikwa kwenye barua ya mwisho wa kazi, na makato ambayo mwajiri aliyakata asiyapeleke. Kwa hiyo hapa tutaanza na kile unachoambiwa au unachokiona, kisha turudi nyuma mpaka kwenye chanzo. Tafuta dalili yako uisome hiyo. Sehemu ya siku 30 tu ndiyo nakuomba uisome hata kama leo haikuhusu.

Kabla ya lolote, jipime

Kwa sheria ya NSSF kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, fao hili ni la Mtanzania aliyekuwa mwanachama, ajira yake ikakoma kwa sababu nyingine yoyote isipokuwa kujiuzulu, hajafikisha umri wa miaka 55, na hajapata kazi nyingine. Awe amechangia angalau miezi 18. Akitimiza hayo, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake wa mwezi, kwa muda wa miezi sita. Kama mshahara ulikuwa shilingi 450,000, hesabu inakuja 149,850 kwa mwezi, na kwa miezi yote sita ni 899,100.

Aliyechangia chini ya miezi 18 hatoki mikono mitupu: yeye hulipwa kwa mkupuo, asilimia 50 ya michango yake.

Kama ulikuwa mtumishi wa umma, mfuko wako ni PSSSF, ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Kuna watu wa sekta binafsi walioanzia PPF miaka ya nyuma, na hao wanapaswa kuuliza mapema kumbukumbu zao za zamani ziko wapi, maana miezi ya huko nayo ni miezi yao. Wasingoje mpaka waambiwe michango haitoshi.

Dalili: unaambiwa "fao la kujitoa halipo"

Hapa hakuna hitilafu. Umeomba kitu kilichofutwa. Zamani mtu akiacha kazi alikuwa anaomba michango yake yote, anakabidhiwa, basi. Kaka zetu waliofanya kazi migodini na viwandani walijengea nyumba hela hizo, na mpaka leo wanawashauri wadogo zao kwa uzoefu ule. Mabadiliko ya 2018 yaliuondoa utaratibu huo kama haki ya kawaida ya kila mtu, na badala yake likaja fao la kukosa ajira. Unaweza kulilalamikia hilo, na wengi wanalilalamikia, lakini dirishani halitabadilika. Ukifika, omba fao kwa jina lake: la kukosa ajira. Michango inayobaki haipotei. Inakusubiri mpaka uajiriwe tena uendelee kuchangia, na miezi ikifika 180 inakujengea haki ya pensheni ya uzeeni.

Dalili: unaambiwa "barua yako inaonyesha umeacha kazi mwenyewe"

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, na chanzo chake kinajulikana. Siku ya mwisho ofisi ya utumishi inakuita. Mezani kuna karatasi iliyokwisha kuchapwa, jina lako limeachiwa nafasi, na kalamu iko juu yake. Maneno yake huwa kama haya: "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeamua kwa hiari yangu kusitisha ajira yangu na sina madai yoyote dhidi ya kampuni." Unaambiwa ukisaini leo, mshahara wa mwezi unaingia kesho. Ukikataa, subiri. Mwenye watoto na kodi ya chumba Igogo anasaini.

Kwa kusaini hivyo umeandika kwa mkono wako kwamba umejiuzulu, na kujiuzulu ndiyo sababu moja inayofunga mlango wa fao hili. Ofisa wa NSSF hana namna ya kujua kilichosemwa chumbani. Anasoma karatasi.

Kama bado hujasaini, una njia tatu, na zote ni za adabu. Ya kwanza ni kuomba barua ya mwajiri inayotaja sababu halisi: kupunguzwa kazi, kuisha kwa mkataba, kiwanda kufungwa. Ya pili, ukibanwa usaini kitu kwa ajili ya malipo, andika kwa mkono kando ya saini yako: "Napokea malipo tu, sijajiuzulu", na tarehe. Hayo maneno machache yana uzito. Ya tatu ni kupiga picha karatasi yoyote kabla ya kuirudisha, hata kama utaambiwa ni ya kampuni.

Kama umeshasaini, yategemea. Kuna mwajiri ambaye alitumia fomu hiyo kwa uvivu tu, na ukimwendea kwa upole atakuandikia barua sahihi kwa sababu haimgharimu kitu. Mwendee kwanza huyo. Mpelekee ombi la maandishi, fupi, likitaja tarehe ya tangazo la kupunguza watu kama lilibandikwa. Kama wenzako ishirini mliondoka siku moja kutoka kitengo kimoja, hilo liseme, maana watu ishirini hawapati wazo la kujiuzulu asubuhi moja.

Mwajiri akikataa, suala linahama kutoka NSSF linakwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi huku kwa kweli ameachishwa, pale mwajiri alipoyafanya mazingira yasivumilike. Lakini ni wewe utakayetakiwa kulionyesha hilo, kwa hiyo kusanya ushahidi: ujumbe wa simu wa msimamizi, tangazo, majina ya waliokuwepo. Na hapo saa inakimbia.

Siku 30 ambazo hazikusubiri

Fao la NSSF na mgogoro wa kuachishwa kazi ni njia mbili tofauti, zenye ofisi mbili tofauti. Watu wanazichanganya, na wanaumia. Mtu anashinda miezi mitatu akifuatilia fao, akiamini kwamba "kesi yangu iko serikalini". Kumbe kesi hajaifungua kokote.

Ukitaka kulalamikia kuachishwa kwako kwamba hakukuwa halali, unatakiwa uifikishe CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine, kwa mfano mshahara au likizo ambayo hukulipwa, yana siku 60. Unajaza fomu namba 1 ya CMA, unampa mwajiri nakala, anapokea kwa saini au mhuri, kisha unaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba amepokea. Mlinzi wa getini akikataa kupokea, usirudi nyumbani kimya. Eleza hilo Tume, watakwambia njia nyingine ya kumfikishia. Muda ukipita bado unaweza kuomba uongezewe, ipo fomu yake, ila utaulizwa ulikuwa wapi, na "nilikuwa nafuatilia NSSF" ni jibu dhaifu.

Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hana mlango huu wa kulalamikia uhalali wa kuachishwa. Madai yake ya malipo anayo.

Madai yenyewe ya kukagua kabla hujaondoka ni haya: notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi aliyepita mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 28; siku za likizo zilizobaki; kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, kwa aliyefikisha angalau miezi 12 kazini na hakuachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu; na cheti cha utumishi. Hicho cheti watu hukidharau. Kinataja ulianza lini na uliishia lini, na ni karatasi nzuri sana kuwa nayo pale barua ya kuachishwa ikiwa na utata.

Dalili: "michango yako haitoshi", wakati umekatwa miaka mitatu

Toa slipu zako zote za mshahara, zipange kwa miezi. Kisha omba taarifa ya michango NSSF, ofisini au kwa njia za mtandao ambazo mfuko umewawekea wanachama. Weka karatasi mbili hizo sambamba na upitie mwezi kwa mwezi, kidole kikishuka. Kila mwezi wenye makato kwenye slipu usio na kitu kwenye taarifa, uwekee alama. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayomaliza ubishi. Ukienda dirishani na kauli ya "nimekatwa miaka mingi" utasikilizwa. Ukienda na orodha ya miezi tisa isiyoonekana, pamoja na slipu zake, utaandikiwa.

Vyanzo vya pengo hilo viko kadhaa, na havitibiwi kwa njia moja.

Cha kawaida ni mwajiri kukata asipeleke. Mchango wa NSSF kwa ujumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwako haiwezi kuzidi asilimia 10. Nyingine yote ni ya mwajiri, na jukumu la kupeleka kiasi chote ni lake peke yake. Kukata mshahara wa mtu na kukalia hela ni kosa kisheria, na mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri deni hilo pamoja na adhabu. Peleka malalamiko kwa maandishi, ambatisha nakala za slipu, baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wakiwa wengi wenye tatizo hilohilo, waende pamoja na karatasi moja yenye majina na namba za uanachama. Ofisa mkaguzi anayekwenda kiwandani kwa ajili ya watu arobaini huenda kwa mwendo tofauti na anayekwenda kwa ajili ya mmoja. Chama cha wafanyakazi kama kipo, huu ndio wakati wake wa kuonyesha zile ada za kila mwezi zilikuwa za nini.

Chanzo cha pili ni kuwa na namba mbili. Ulianza kibarua kwenye kiwanda cha nyuzi ukaandikishwa. Baadaye ukahamia kwenye minofu, hukusema kwamba tayari una namba, ukaandikishwa upya. Sasa namba moja ina miezi 11, nyingine ina 9. Kila moja peke yake haifiki 18, zikiunganishwa unayo 20. Dawa ni kuomba namba ziunganishwe, ukiwa na kitambulisho cha taifa na kadi zote mbili. Fanya hivyo kabla hujajaza fomu ya dai. Ukianza na dai, linapigwa kwenye namba yenye michango michache na unaingizwa kwenye kundi la walio chini ya miezi 18.

Chanzo cha tatu kinawapata walioajiriwa kupitia wakala. Umevaa kofia na gamabuti za kiwanda, unaingia kwa kadi ya kiwanda, msimamizi wako ni wa kiwanda, lakini mkataba umesaini na kampuni ya kuleta vibarua. Mwajiri wako anayepaswa kupeleka michango na kukuandikia barua ni yule wa kwenye mkataba. Watu huleta barua yenye nembo ya kiwanda wakati michango yote ina jina la wakala, na ofisa anaona kazi mbili. Angalia jina la mwajiri kwenye taarifa yako ya michango, barua itoke kwa huyohuyo. Na kama wakala alibadilika katikati, kama wanavyopenda kubadilika, hakikisha kila mmoja ameonekana kwenye taarifa kwa miezi yake.

Kisha yupo kibarua wa kweli wa kulipwa jioni, ambaye hakuwahi kuandikishwa kabisa. Kwake fao hili kwa leo halipo, na sitampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Anachoweza kufanya ni kuripoti kwamba mwajiri ana wafanyakazi asiowaandikisha, na kudai malipo yake mengine CMA. Akiwa na ushahidi kwamba alikuwa mwajiriwa kila siku miaka miwili, mambo yanaweza kubadilika, ila ajiandae kwa safari ndefu.

Dalili: "mfumo haukusomi" au "majina hayaoani"

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa hii ni dalili ya kila wiki, na sehemu kubwa ya lawama ni ya alama ya apostrofi ('). Mtu anaitwa Ng'washi. Kwenye kitambulisho cha taifa ni Ng'washi, kwa NSSF karani aliandika Ngwashi, benki wakaandika Mwashi kwa kuwa ndivyo walivyosikia. Ongeza na yale ya Lubango na Rubango. Ongeza jina la ubatizo ambalo kazini ndilo la kwanza na kwenye cheti cha kuzaliwa halipo. Kwa kompyuta hao ni watu watatu.

Kwanza jua kosa liko wapi. Chukua karatasi, andika jina lako kama lilivyo, herufi kwa herufi, kwenye kitambulisho cha taifa, taarifa ya NSSF, mkataba wa kazi, barua ya kuachishwa na kadi ya benki. Mistari mitano. Utaona mara moja nani ametofautiana na wenzake. Ushauri wangu ni kuchukua kitambulisho cha taifa kama kigezo na kuwahamisha wengine wakifuate, isipokuwa kama kosa liko humo humo, maana kukisahihisha ni kazi ndefu kuliko zote na inadai cheti cha kuzaliwa au hati nyingine za zamani.

Tofauti ya herufi moja au ya mpangilio wa majina kwa kawaida hutatuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, ikisema kwamba majina haya na haya ni ya mtu mmoja. Jina zima likiwa tofauti, uliza kama kiapo kinatosha kabla hujamlipa wakili, kwa sababu huenda ukahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo ni gharama nyingine.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mtego. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Kama NSSF uliandikishwa kwa kukisia, ofisa anaona tofauti bila hata kufungua faili. Kwa aliye karibu na miaka 55 tofauti hiyo inaamua kila kitu, kwa hiyo usahihishwaji wake utaangaliwa kwa jicho kali.

Mapacha wawe macho zaidi. Kulwa na Doto wenye baba mmoja, tarehe moja, kiwanda kimoja, wana kila sababu ya kuandikiwa michango kimakosa, wa mmoja ukaenda kwa mwenzake. Taarifa ya mmoja ikiwa na mapengo na ya mwenzake imejaa kupita miezi aliyofanya kazi, nendeni wote wawili siku moja.

Na kuna suala la vidole. Waliokata minofu miaka mingi, mikono kwenye barafu na dawa ya kusafishia, ncha za vidole zinakuwa laini na mashine ya alama za vidole inagoma. Ukitaka kurudisha laini ya simu iliyopotea ndipo utakapokutana na hilo. Acha vidole vipumzike siku kadhaa, vipake mafuta, vikaushe vizuri, na mwombe wakala wa laini za simu ajaribu kidole kingine badala ya kung'ang'ania dole gumba.

Dalili: mwajiri amefunga, hakuna wa kusaini

Sangara wakipungua ziwani, viwanda navyo hupungua, na baadhi ya milango hufungwa bila hata kuaga. Getini kuna mlinzi ambaye naye anadai mishahara. Fomu inataka saini na mhuri wa mwajiri, na mwenye mhuri yuko Dar es Salaam au amerudi kwao.

Usichonge mhuri. Wapo watakaokushauri hivyo, na mhuri wa kuchonga unageuza dai halali kuwa jinai. Kusanya badala yake kila kinachothibitisha kwamba ulikuwepo na kwamba ajira imekoma: mkataba, slipu, taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ulivyokuwa ukiingia na mwezi ulipokatika, kitambulisho cha kazi. Nenda kwa ofisa kazi wa mkoa ueleze kwamba mwajiri ametoweka, uombe barua. Kama kampuni imewekwa chini ya mfilisi, huyo ndiye anayeshika nafasi ya mwajiri na anaweza kuthibitisha ajira yako. Mpelekee na madai yako ya mshahara na kiinua mgongo hapohapo, kabla mali hazijagawanywa.

Dalili: umekubaliwa, hela haijaingia, au imeingia kidogo

Hela isiyoingia mara nyingi imerudi ilikotoka. Akaunti iliyolala kwa kutotumika muda mrefu hukataa malipo. Akaunti ya mume au ya dada nayo hukataa, maana jina silo. Weka hata shilingi elfu chache kwenye akaunti yako kabla ya kuandika namba yake kwenye fomu, uone kama iko hai.

Hela kidogo kuliko hesabu yako ina chanzo kingine. Mshahara uliokuwa ukipokea mkononi na ule mwajiri aliouandikisha NSSF vinaweza kuwa vitu viwili. Kuna waajiri wanaolipa 450,000 lakini wanaandikisha 300,000 na kuiita iliyobaki "posho". Asilimia 33.3 ya 300,000 ni 99,900, ndiyo utakayoiona. Rudi kwenye taarifa ya michango: mchango wa mwezi ukiuzidisha mara tano unapata mshahara uliotangazwa, kwa kuwa mchango mzima ni asilimia 20. Ukionekana mchango wa 60,000, basi mshahara uliotangazwa ulikuwa 300,000. Hapo malalamiko yako ni dhidi ya mwajiri, na slipu ndizo ushahidi.

Hela iliyoanza vizuri ikasimama mwezi wa tatu au wa nne: jiulize kama kuna mwajiri mpya aliyekuandikisha. Fao hukoma ukipata kazi. Tatizo ni pale mtu aliyefanya kibarua cha wiki mbili kwenye ujenzi anaandikishwa bila kujua, mchango mmoja unaingia kwenye namba yake, na mfumo unamhesabu kuwa ameajiriwa. Kama kazi hiyo imeisha, leta barua ya kuisha kwake. Ukikaa kimya ukitegemea itajirekebisha yenyewe, haitajirekebisha.

Na simu. Anayerudi kisiwani akabadilisha laini kwa sababu mtandao ule haushiki Ukerewe, hapati ujumbe wa kuitwa kuleta karatasi iliyopungua. Faili linalala, yeye anaamini anadhulumiwa. Ukibadili namba, peleka namba mpya ofisini siku hiyohiyo.

Kuhusu wanaojitolea "kukusaidia" nje ya ofisi

Vishoka wapo. Fomu ni bure, dai ni bure, na hakuna anayeweza "kulisukuma" dai lako kwa asilimia kumi ya fao. Anayekuomba namba ya siri ya simu au ya benki ili "ahakiki" anataka fao hilo mwenyewe. Kama kusoma na kuandika kunakusumbua, nenda na mtoto wa shule wa nyumbani kwako, au mwombe ofisa wa dirishani akuandikie.

Aliyeumia kazini kabla ya kuachishwa, kidole kilichokatwa na kisu au mgongo ulioteguka kwa kubeba kreti, ana dai jingine la fidia kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Lifungue kivyake. Halingoji hili, na hili halilingoji.

Dai likikataliwa kabisa, omba sababu kwa maandishi. "Nenda urudi wiki ijayo" haina pa kukatiwa rufaa. Barua inayotaja kipengele inayo. Ukiwa na barua hiyo unaweza kumwandikia meneja wa mkoa, ukajibu kipengele kilichotajwa, hicho tu, kwa karatasi zile zile ulizopanga: barua ya kuachishwa, slipu, taarifa ya michango, kitambulisho. Gonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, andika tarehe na jina la aliyepokea, kisha iweke nakala hiyo kwa mtu mwingine wa kuaminika, kwa sababu vyumba vya milimani Mabatini na Igogo vinaingia maji mvua kubwa ikinyesha, na karatasi iliyolowa mhuri wake hausomeki.